Njia Iliyohama: Mwongozo wa Kuchora Mtandao Unaobadilika, kwa Mfano wa Misafara ya Tabora

Ramani nyingi za njia ya misafara huonyesha mstari mmoja mnene: Bagamoyo, Mpwapwa, Tabora, Ujiji. Ukiutazama utadhani njia ililala pale karne nzima bila kujigeuza. Sasa shika mwaka mmoja mmoja uuhoji. Mwaka 1871, mpagazi aliyetwishwa mzigo Tabora angeweza kwenda moja kwa moja hadi Ujiji? Asingeweza. Mirambo, mtemi wa Urambo, alikuwa ameifunga njia ya magharibi, na Henry Morton Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone, ilimbidi ashuke kusini kupitia Ugunda na Ukonongo ndipo apande tena kuelekea Ziwa Tanganyika. Mwaka 1914, mzigo uliotoka ziwani kwa reli ungeishia Bagamoyo? Usingeishia huko. Reli ilikuwa imefika Kigoma mwezi Februari mwaka huo, na mwisho wake pwani ulikuwa Dar es Salaam.

Mwongozo huu unakuonyesha jinsi ya kuchora mtandao pamoja na wakati wake. Umeandikwa kwa mwalimu wa historia, mwanafunzi mwenye utafiti, mtunza makumbusho, na yeyote mwenye orodha ya nani alihusiana na nani, na lini. Mfano ni misafara ya Unyamwezi, yaani eneo la Tabora, lakini hatua ni zile zile ukichora njia za mabasi au ukoo uliotawanyika mikoa mitano.

Kwa nini picha moja hudanganya

Mtandao una vitu viwili: vituo, na viungo vinavyoviunganisha. Katika mtandao unaobadilika, kituo huzaliwa, hufa au hubadili jina. Kiungo huanza, hukatika, hurudi, na wakati mwingine hubadilika aina: njia ya miguu ikawa reli, rafiki akawa adui.

Ukikusanya yote katika picha moja, unaunganisha mambo ambayo hayakuwahi kukutana. Chukua mfano huu. Msiri, mtu wa Unyamwezi aliyejenga dola ya Garenganze huko Katanga, alikuwa na njia ya kwenda Tabora. Tabora ina reli ya kwenda Dar es Salaam. Katika picha ya pamoja, pembe za ndovu za Msiri zinaweza kupita Tabora na kupanda treni. Lakini Msiri aliuawa Desemba 1891, na treni ilifika Tabora mwaka 1912. Picha imebuni safari ambayo hakuna binadamu aliyeweza kuifanya, na mtazamaji hana njia ya kujua. Ndiyo sababu kanuni ya kwanza ni hii: *njia halali katika mtandao ni ile ambayo kila kiungo chake kilikuwa hai msafiri alipokifikia.*

Kabla ya kugusa kalamu: maamuzi matatu

1. Andika swali lako kwa sentensi moja. "Nataka kuonyesha misafara ya Tabora" si swali. "Vita vya Mirambo vilihamisha njia gani, na kwa muda gani?" ni swali. Swali ndilo litakaloamua nini kiingie na nini kibaki nje.

2. Amua kituo ni nini: mahali au mtu. Usichanganye. Ukichora mahali, vituo vyako ni Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara, Ujiji. Hivyo sita ndivyo Tanzania ilivyovitaja mwaka 2006 ilipoipeleka njia hii kwenye orodha ya awali ya urithi wa dunia ya UNESCO, na ni mahali pazuri pa kuanzia. Ukichora watu, vituo ni Fundikira, Mnywa Sere na Mkasiwa, watemi wa Unyanyembe, himaya ya Tabora; Mirambo; na wafanyabiashara Snay bin Amir na Tippu Tip. Mtandao wa watu una utamu wake, kwa sababu siasa ya Unyanyembe ilikuwa ya ndoa na viapo: baba yake Tippu Tip, Muhammed bin Juma, alimwoa binti wa mtemi Fundikira. Lakini ukiweka Mirambo na Mpwapwa kwenye karatasi moja kama vituo vya namna moja, mistari yako haitakuwa na maana inayoeleweka.

3. Chagua kipimo cha wakati. Hapa ndipo wengi huharakisha, kwa hiyo nikae kidogo.

Wasafiri Waingereza Richard Burton na John Speke walitumia siku 134 kutoka pwani hadi Kazeh, yaani Tabora, walikofika tarehe 7 Novemba 1857. Ukipima kwa mwezi, utauona msafara wao ukisogea. Ukipima kwa mwaka, safari yote inakuwa nukta moja. Ukipima kwa mwongo mzima, 1870 hadi 1879, vita vya Mirambo na Waarabu wa Tabora vinamezwa na amani iliyofuata, nayo njia ya magharibi itaonekana wazi muda wote. Kipimo kikubwa mno hufuta tukio lenyewe unalolitafuta.

Kipimo kidogo mno nacho kina hasara yake. Wanyamwezi walikuwa wakulima pamoja na kuwa wapagazi. Wengi walishuka pwani kiangazi na kutaka kurudi kabla ya mvua za kupandia. Ukichora mwezi kwa mwezi, kila mwaka njia itaonekana kama inakufa na kufufuka, ilhali ni majira tu. Kama swali lako linahusu majira, hiyo ni habari njema. Kama linahusu vita, ni kelele.

Ushauri wangu: chukua tukio fupi kuliko yote unayotaka lionekane, ugawe urefu wake kwa mbili. Vita vya Mirambo vilianza 1871 vikaenda hadi katikati ya mwongo. Mwaka mmoja mmoja unatosha kabisa.

Jedwali ndiyo kazi yenyewe

Programu ya kompyuta itachora chochote utakachoipa. Ukweli wa picha uko kwenye jedwali, kwa hiyo tenga muda wako mwingi hapa. Tengeneza majedwali mawili, si moja. La kwanza ni la ushahidi: kila safumlalo ni jambo ambalo mtu fulani aliliona au aliliandika. La pili ni la vipindi: hukumu yako juu ya lini kiungo kilikuwa hai. Ukiyachanganya, baada ya wiki mbili hutakumbuka kipi kilisemwa na shahidi na kipi ulikikisia wewe.

Jedwali la ushahidi linaweza kuanza hivi:

| Na. | Kutoka | Kwenda | Kupitia | Kuanzia | Hadi | Hali | Shahidi |
|---|---|---|---|---|---|---|---|
| 1 | Pwani | Tabora | Ugogo | 1857-06 | 1857-11 | wazi | Burton |
| 2 | Tabora | Ujiji | Msene | 1857-12 | 1858-02 | wazi | Burton |
| 3 | Tabora | Karagwe | – | 1861-03 | 1861-11 | wazi | Speke |
| 4 | Tabora | Ujiji | magharibi | 1871-07 au kabla | – | imefungwa | Stanley |
| 5 | Tabora | Ujiji | Ugunda | 1871-09 | 1871-11 | wazi | Stanley |
| 6 | Ujiji | Tabora | kusini | 1871-12 | 1872-02 | wazi | Stanley |
| 7 | Ujiji | Tabora | kusini | 1871-12 | 1872-02 | wazi | Livingstone |

Fuata hatua hizi.

Hatua ya 1. Kipe kila kituo namba ya kudumu. Burton anaandika Kazeh, Stanley anaandika Unyanyembe, wewe unaandika Tabora. Kazeh kilikuwa kitongoji cha wafanyabiashara. Unyanyembe ilikuwa himaya ya mtemi. Kwihara ni kijiji jirani walikokaa Stanley na Livingstone, na tembe lipo mpaka leo kama makumbusho. Kwa ramani ya nchi nzima, yote matatu yabebe namba moja. Kwa ramani ya mji wenyewe, yatenganishe. Majina yote uliyoyakuta yaandike kwenye safu ya pembeni, usiyatupe.

Ujiji na Kigoma ni swali gumu zaidi. Ni majirani, kilomita chache tu kati yao, na ukiwaunganisha picha inakuwa safi. Mimi ningewatenganisha, kwa sababu reli kwenda Kigoma badala ya Ujiji ndiyo habari yenyewe: bandari ikahama, na mji wa zamani ukaachwa kando.

Hatua ya 2. Andika ushahidi mmoja kwenye safumlalo moja. Mashahidi wawili wakisema jambo moja, ni safumlalo mbili. Usiwaunganishe hata wanapokubaliana, na hasa wasipokubaliana. Stanley anasema aliingia Ujiji tarehe 10 Novemba 1871. Shajara ya Livingstone inaelekeza mwishoni mwa Oktoba. Wote wawili walikuwa wameugua homa njiani na hesabu ya siku ilikuwa imewapotea. Andika tarehe zote mbili.

Hatua ya 3. Tofautisha "ilianza" na "imeonekana kwanza". Hili nalisisitiza kuliko yote. Burton ni shahidi wa 1857, lakini Wanyamwezi walikuwa wameshuka pwani na pembe zao tangu mwanzoni mwa karne ya 19, wengine kabla Waarabu hawajajenga Unyanyembe. Ukiandika kwamba njia ilianza 1857, umewanyang'anya walioifungua. Mwaka wa kwanza kuonekana uandike kama ulivyo. Mwaka wa kuanza uache wazi, au uandike "kabla ya 1857".

Hatua ya 4. Sasa tengeneza jedwali la vipindi. Soma ushahidi wote wa kiungo kimoja, kisha amua. Mfano: Tabora–Ujiji kwa njia ya magharibi, wazi hadi 1871, imefungwa kuanzia 1871, wazi tena kufikia 1876, mwaka ambao Mirambo alikuwa amepatana na Waarabu, naye Stanley akakutana naye na kuchanjiana udugu mwezi Aprili. Kila kipindi kipe daraja la uhakika: A kwa chenye mashahidi wawili au zaidi wasiotegemeana, B kwa shahidi mmoja, C kwa kukisia.

> KISANDUKU: Mtego wa Excel
> Excel haitambui tarehe za kabla ya mwaka 1900. Ukiandika 7/11/1857 itaichukulia kama maneno, na baadaye kupanga au kuhesabu kutavurugika bila wewe kuonywa. Andika mwaka, mwezi na siku katika safu tatu tofauti, au tumia mtindo wa 1857-11-07 kama maandishi. Calc ya LibreOffice, ambayo ni ya bure, inazikubali tarehe za kale. Hifadhi nakala ya CSV kila jioni.

> KISANDUKU: Mzee hana tarehe, lakini ana mpangilio
> Tippu Tip aliandika maisha yake kwa Kiswahili, na kitabu kimejaa safari, lakini miaka ni michache. Ndivyo ilivyo pia kwa wazee utakaowahoji Kwihara, Itetemia au Ipuli. Usimuulize Mzee "mwaka gani?" Muulize: "Ilikuwa kabla ya reli au baada ya reli?" "Kabla ya kifo cha Isike au baada?" Isike, mtemi wa Unyanyembe, alikufa Januari 1893 Wajerumani walipoiteka ngome yake; alilipua baruti kuliko kukamatwa, na kumbukumbu hiyo haijafa Tabora. Panga matukio manne au matano ya namna hiyo kuwa nguzo, kisha kila unachosikia kiweke kati ya nguzo mbili. Kwenye jedwali andika nguzo zote mbili kama mipaka ya tarehe.

Chora mstari wa mashahidi

Kuna kosa ambalo picha nzuri hulificha vizuri kuliko picha mbaya. Ukihesabu viungo vya njia ya Tabora mwaka kwa mwaka, utaona vinachanua 1857, vinafifia, vinachanua tena 1861, kisha 1871 hadi 1876. Utashawishika kusema biashara ilipanda na kushuka. Lakini miaka hiyo ndiyo miaka ya wasafiri Wazungu: Burton, Speke na Grant, Stanley, Livingstone, Cameron. Kilichopanda na kushuka ni idadi ya watu wenye daftari.

Dawa ni rahisi. Chini ya picha yako chora ukanda mwembamba wa miaka, na kila mwaka wenye shahidi aliyekuwepo Tabora au njiani utie wino. Miaka isiyo na shahidi iache nyeupe. Hapo mtazamaji ataona mwenyewe kwamba kimya cha 1863, kwa mfano, si lazima kiwe kimya cha njia.

Weka pia kanuni ya kufifisha: kiungo kikishaonekana, kichore kwa mstari kamili mwaka wa ushahidi, kwa mstari wa vipande miaka mitano kabla na baada, halafu kwa nukta nukta mpaka ushahidi mwingine utokee. Miaka mitano ni chaguo langu kwa biashara ya misafara, ambayo mazoea yake hayakubadilika haraka isipokuwa kwa vita. Kwa njia za mabasi ningechukua miezi mitatu. Vyovyote uchaguavyo, iandike kanuni hiyo kwenye ufunguo wa picha.

Vituo visihame

Programu nyingi za mitandao hujipangia vituo zenyewe, vilivyounganishwa karibu na vingine mbali. Kwa picha moja inafaa. Kwa picha sita za miaka sita ni balaa, kwa sababu kila picha inapangwa upya. Ni sawa na kupanga upya vyombo vya jikoni kila usiku: asubuhi mwenye nyumba hatajua kipi kimeibwa na kipi kimehamishwa tu. Jicho la mtazamaji hufuata kinachosogea. Kwa hiyo kitu pekee kinachoruhusiwa kubadilika kati ya picha na picha ni kile kilichobadilika katika historia.

- Ukichora mahali, tumia ramani. Msomaji wa Tabora anajua Urambo iko magharibi na Sikonge iko kusini, usimvuruge.
- Ukichora watu, kusanya viungo vya miaka yote, acha programu ipange mara moja tu, kisha gandisha. Picha za kila mwaka zitoke kwenye mpango huo mmoja.
- Vituo vilivyosongamana kama Kwihara, Itetemia na Kazeh havitaonekana kwenye ramani ya nchi. Viwekee ramani ndogo pembeni, yenye kipimo chake.
- Kiungo kilichokufa kiache kwa kijivu hafifu katika picha inayofuata, ndipo kifutike. Mtazamaji akiona kijivu cha njia ya magharibi na wino mzito wa njia ya Ugunda, ataelewa 1871 kabla hujafungua mdomo.

Namna tatu za kuonyesha

*Picha mfululizo.* Picha ndogo za mwaka mmoja mmoja, zikae bega kwa bega kwenye ukurasa au ukutani. Hii ndiyo ninayoipendekeza kwa shule na makumbusho. Mtazamaji anarudi nyuma kwa macho bila kushika kitufe, na haihitaji umeme. Kwa njia yetu, picha sita zinatosha: 1857–58, 1861, 1871–72, 1876, 1893, 1914. Umbali kati ya miaka haulingani, kwa hiyo andika kati ya picha na picha: "miaka 17 imepita", "miaka 21 imepita". Ukisahau, watu watadhani mambo yalikwenda kwa mwendo mmoja.

*Filamu.* Inapendeza mbele ya hadhira, lakini binadamu hakumbuki picha ya sekunde kumi zilizopita. Tumia filamu pale tu wewe mwenyewe utakapokuwepo kuisimamisha na kuelekeza. Mwendo uwe wa polepole, mwaka uandikwe kwa herufi kubwa mahali pale pale, na isizidi dakika mbili.

*Ukanda wa viungo.* Kila kiungo ni mstari mlalo unaoanza na kuisha kwa miaka yake, kimoja chini ya kingine. Haina uzuri wa ramani, lakini ndiyo bora ya kukagua kazi. Ichore kwanza, kabla ya nyingine zote, kwa sababu pengo na mgongano huonekana hapo papo hapo.

Kuchora: chagua zana moja

*Bila kompyuta.* Chora ramani ya msingi kwenye karatasi ya manila kwa maka peni. Kata plastiki angavu za ukubwa ule ule, moja kwa kila kipindi, na kila moja itoboe pembe mbili ili zikae sawasawa juu ya ramani. Kwenye kila plastiki chora viungo vya kipindi hicho tu. Darasa zima linaweza kugawana kazi, kundi moja kwa kipindi kimoja, na siku ya kuonyesha plastiki zinapandishwa moja moja.

*QGIS*, kwa mtandao wa mahali. Ni ya bure, na tangu toleo la 3.14 la mwaka 2020 ina kidhibiti cha wakati ndani yake.

1. Chora kila kipindi cha kiungo kama mstari wake. Kiungo kilichofungwa kisha kikafunguliwa tena ni mistari miwili.
2. Jaza safu mbili za tarehe: kuanza na kukoma. Programu inataka tarehe kamili, kwa hiyo mwaka 1871 utakuwa 1871-01-01, na safu ya uhakika itunze ukweli kwamba siku hiyo ni ya kujazia tu.
3. Fungua sifa za tabaka, sehemu ya wakati, uiambie kwamba kuanza na kukoma viko kwenye safu mbili tofauti.
4. Bofya alama ya saa, weka hatua ya mwaka mmoja, kisha toa picha za miaka unayoihitaji.

*Gephi*, kwa mtandao wa watu. Jedwali la viungo liwe na vichwa vya safu Source na Target kama programu inavyodai, pamoja na safu za kuanza na kukoma. Ukishaingiza, nenda kwenye ukurasa wa data uunganishe safu hizo mbili ziwe kipindi kimoja. Hapo ukanda wa wakati chini ya dirisha unaweza kuwashwa. Panga vituo wakati viungo vyote vinaonekana, simamisha, usiguse tena. Kama watu wawili walipatana, wakagombana, wakapatana tena, angalia kwamba programu haijaunganisha vipindi hivyo kuwa kimoja wakati wa kuingiza.

Anayejua R, lugha ya programu, atafaidika na vifurushi vya networkDynamic na ndtv, vilivyotengenezwa mahususi kwa viungo vinavyokufa na kufufuka.

Makosa yanayojirudia

*Unene wa mstari bila hesabu.* Watu hupenda kuchora njia ya Bagamoyo nene kuliko zote. Unene unasema "mizigo mingi". Kama huna hesabu ya mizigo, mistari yote iwe na unene mmoja, au unene uonyeshe idadi ya mashahidi na ufunguo useme hivyo.

*Mshale wa upande mmoja.* Pembe za ndovu zilishuka. Nguo za merikani, kaniki, shanga na waya wa shaba vilipanda. Kila kimoja ni kiungo chake.

*Mpaka uliofichwa.* Ukikomesha mtandao pwani, huwezi kueleza kwa nini merikani iliadimika miaka ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865. Si lazima uichore Salem ya Massachusetts, ilikotoka merikani, lakini weka kituo kimoja cha "ng'ambo", ili mtazamaji ajue mtandao unaendelea.

*Vita kuchorwa kama ukimya.* Njia kufungwa na Mirambo si kukosekana kwa uhusiano. Ni uhusiano mkali sana: Agosti 1871 aliushambulia mji wenyewe, na Khamis bin Abdullah, mmoja wa wakuu wa Waarabu, akauawa. Juu ya kijivu cha njia iliyofungwa weka rangi nyingine ya uadui, usifute mstari.

*Watu waliotekwa kuchorwa kama bidhaa.* Njia hii ilipitisha maelfu ya watu waliofungwa minyororo. Wengine wanapoandika "bidhaa: pembe, watumwa, chumvi" katika safu moja, wanarudia hesabu ya mwenye msafara. Wape kiungo chao, rangi yao, na kwenye ufunguo andika "watu waliotekwa". Wapagazi wa kulipwa nao wasichanganywe nao. Walikuwa na ujira, walikuwa na nyampara wao, na waliweza kugoma. Tena, ukihoji familia, usibandike ukutani jina la ukoo wowote kama kizazi cha watumwa au cha wafanyabiashara wa watu. Majeraha hayo bado mabichi, na mwenye haki ya kuyasema ni mwenye ukoo.

Orodha ya kukagua kabla ya kubandika

☐ Swali limeandikwa juu ya picha.
☐ Kila kiungo kina kuanza, kukoma, shahidi na daraja la uhakika.
☐ "Kabla ya" na "baada ya" hazijageuzwa kuwa miaka kamili kimyakimya.
☐ Vituo viko mahali pale pale katika picha zote.
☐ Ukanda wa mashahidi upo chini.
☐ Kanuni ya kufifisha na maana ya rangi vimeandikwa kwenye ufunguo.
☐ Rangi zimejaribiwa kwa nakala ya rangi nyeusi na nyeupe, maana ndiyo itakayowafikia wanafunzi wengi.
☐ Umechagua safari moja inayoonekana kwenye picha na kuhakiki kwamba kila kiungo chake kilikuwa hai kwa mpangilio wa safari.
☐ Mtu asiyejua habari hii ameitazama dakika moja na kukueleza kilichobadilika 1871 bila wewe kumsaidia.

Ukimaliza, picha isiende peke yake. Majedwali yote mawili yachapishwe na kuachwa pamoja nayo, shuleni au makumbusho, na nakala ya CSV kwenye kifaa cha kuhifadhia. Andika tarehe ya toleo na nafasi ya masahihisho, kwa maana siku yoyote anaweza kuja mgeni kutoka Sikonge au Urambo mwenye habari ya njia ambayo hakuna mzungu aliyeipita, na habari hiyo itahitaji safumlalo yake.